Mahipi, kamera za bei nafuu na binti anayetafutwa: uzi kuhusu filamu za kashfa za Marekani, 1966 hadi 1970

Ujumbe wa 1: Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Naomba tujadili kundi moja la filamu ambalo hutajwa kwa kupita tu, yaani zile tamthilia za bei nafuu zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya mwisho ya 1960 ili kuwauzia vijana hadithi za vijana wenyewe: mahipi (vijana wenye nywele ndefu waliozikataa desturi za wazazi wao), magenge ya pikipiki, bangi, LSD (dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone maono), gitaa za umeme na wazazi waliopoteza mwelekeo. Zilipigwa kwa wiki chache, kwa fedha kidogo, na zikawahishwa sokoni kabla kashfa iliyozizaa haijapoa magazetini. Wahakiki wengi wa wakati ule walizidharau. Mimi nazithamini, na kadiri ninavyozirudia ndivyo ninavyozidi kuona jambo moja ambalo ndilo kiini cha uzi huu. Filamu hizi hujitangaza kuwa ziko upande wa vijana na uhuru wao, lakini karibu kila mara anayelipa gharama ya uhuru huo ni msichana. Sababu yake, kwa maoni yangu, haiko katika maadili ya wakati ule peke yake. Iko pia katika hesabu za biashara.

Tuanze basi na wenye fedha. Kampuni ya American International Pictures, ambayo wapenzi wa sinema huiita AIP, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1950 na James H. Nicholson akishirikiana na mwanasheria Samuel Z. Arkoff. Nicholson alikuwa na kipaji cha kubuni majina ya filamu, na mara nyingi jina na bango ndivyo vilivyotangulia. Wenye majumba ya sinema wakionyesha kuvutiwa, ndipo mwandishi alipoitwa aandike mswada wa kulifuata bango. Soko lao kubwa lilikuwa sinema za draivu-in, ambako vijana walitazama filamu mbili kwa tiketi moja wakiwa ndani ya gari, mbali na macho ya wazazi. (Wenzetu wa Dar es Salaam walioiwahi ile ya Msasani wanaelewa mazingira hayo, tofauti ni kwamba Marekani zilihesabiwa kwa maelfu.)

AIP walikuwa na kanuni yao ya kupima watazamaji. Mtoto mdogo, walisema, hutazama chochote anachotazama mkubwa, lakini mkubwa hatazami cha mdogo. Vivyo hivyo msichana hutazama chochote anachotazama mvulana, lakini mvulana hatazami cha msichana. Ukitaka kuwapata wote, mlenge kijana wa kiume wa miaka 19. Naomba kanuni hiyo ibaki akilini mwa kila anayesoma uzi huu, kwa sababu filamu iliyotengenezwa kwa kumtazama mnunuzi mmoja tu haina budi kuwagawia wengine wote nafasi za kumhudumia.

Mfano wa kwanza ni The Wild Angels ya 1966, iliyoongozwa na Roger Corman, mtu aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Stanford na ambaye alipanga ratiba za upigaji picha kwa nidhamu ya mhandisi. Iligharimu takribani dola 360,000, ikarudisha fedha hizo mara nyingi, na ikapewa heshima ya kufungua tamasha la Venice mwaka huohuo. Waendesha pikipiki halisi wa genge la Hells Angels walionekana humo pamoja na Peter Fonda, Nancy Sinatra na Bruce Dern. Inakumbukwa zaidi kwa mazishi ya mwanagenge aitwaye Loser. Kanisani, Fonda anamjibu mchungaji kwa hotuba kuhusu kutaka kuwa huru na kutosumbuliwa na mtu, hotuba ambayo sauti yake ilikuja kutumiwa mwanzoni mwa wimbo Loaded wa kundi la Primal Scream mnamo 1990, hata walio wengi wanaijua bila kuijua filamu. Kinachosahaulika ni yale yanayofuata. Ibada inageuka ghasia, na mjane wa marehemu, aliyeigizwa na Diane Ladd, anabakwa na wenzake marehemu palepale kanisani. Uhuru uliohubiriwa dakika chache zilizopita haukumhusu.

Mwaka uliofuata ukaja Riot on Sunset Strip. Novemba 1966 vijana wa Los Angeles waligongana na polisi katika barabara ya Sunset kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku iliyowahusu walio chini ya miaka 18, na mtayarishaji Sam Katzman, aliyekuwa na sifa ya kuligeuza tukio lolote la gazetini kuwa filamu, alikuwa ameifikisha kwenye majumba ya sinema ilipofika majira ya kuchipua ya 1967. Kuna picha halisi za barabara, kuna bendi za kweli kama The Standells, na kuna afisa wa polisi, aliyeigizwa na Aldo Ray, anayejitahidi kuwa muungwana kwa pande zote mbili. Binti yake, aliyeigizwa na Mimsy Farmer, anatiliwa LSD katika kinywaji bila kujua, anacheza dansi ndefu peke yake huku kamera ikimzunguka, kisha anabakwa na vijana kadhaa. Tazama dansi hiyo kwa makini. Kamera inafurahia kile ambacho dakika chache baadaye filamu itakilaani. Kisha kisa kinamwacha msichana na kuifuata ghadhabu ya baba, na sisi watazamaji tunaulizwa kama baba atajizuia au hatajizuia, si kama binti atapona.

Sasa linganisha na The Trip, ya Corman pia, ya 1967 pia, mswada ukiwa wa Jack Nicholson, ambaye bado hakuwa nyota. (Huyu hana undugu na mwenye AIP.) Peter Fonda ni Paul, mwongozaji wa matangazo ya televisheni ambaye ndoa yake inavunjika, na ambaye anameza LSD kwa hiari yake, rafiki akiwa kando yake kumwangalia. Corman mwenyewe alikwenda Big Sur kuijaribu dawa hiyo kabla ya kuanza kazi, kwa sababu hakutaka kuonyesha kitu asichokijua. Katika filamu hii kuna tukio ninaloliona kuwa miongoni mwa mambo bora kabisa ya sinema ya bei nafuu: Paul, akiwa bado amelewa, anaingia usiku katika duka la mashine za kufulia, anakuta mwanamke mwenye rola kichwani akisubiri nguo zake, na anaduwaa mbele ya kioo cha mashine akitazama nguo zinavyozunguka humo ndani. Mwanamke anaongea naye kwa mashaka kidogo na kwa wema kidogo. Hakuna rangi za ajabu wala ujanja wa kamera. Mtu anashangazwa na mashine ya kukaushia nguo, nasi tunashangaa pamoja naye. Asubuhi anaamka salama katika nyumba ya ufukweni. AIP waliogopa mwisho huo, wakaongeza maandishi ya onyo mwanzoni na kuchora ufa wa kioo juu ya uso wa Fonda katika picha ya mwisho, ili ionekane kwamba ameharibika. Corman hakuridhika, na alikuwa na haki.

Dawa ni ileile, mwaka ni uleule, na LSD ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku California tangu Oktoba 1966. Mwanamume akiitumia, anapata safari ya kujitafuta na hukumu inayobandikwa baadaye na ofisi ya wasambazaji. Msichana akiitumia, tena bila ridhaa yake, hukumu imeandikwa ndani ya kisa chenyewe tangu ukurasa wa kwanza.

Nawakaribisha.

Ujumbe wa 2: Mchangiaji

Mkuu, shukrani kwa uzi uliopangwa vizuri. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Je, si kweli kwamba filamu hizi zilikuwa zikifuata desturi ya zamani ya kuonya? Mwandishi wa filamu ya kuonya humweka hatarini yule ambaye jamii inamwonea uchungu zaidi, na katika jamii ile, kama katika jamii zetu, huyo alikuwa binti. Huenda basi lengo lilikuwa kuwatikisa wazazi, si kuwafurahisha vijana wa kiume.

Ujumbe wa 3: Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na nusu yake naikubali. Desturi ya kuonya ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Studio kubwa zilipoanza kubanwa kikamilifu na kanuni za maadili mnamo 1934, watayarishaji wadogo wa pembeni waliendelea kuonyesha yaliyokatazwa kwa kisingizio kwamba wanaelimisha umma. Ile filamu ya 1936 inayojulikana leo kama Reefer Madness ni mfano wake maarufu. Onyo lilikuwa pasipoti. Ukiandika mwanzoni kwamba wazazi wanapaswa kuona hatari inayowakabili watoto wao, unaweza kuonyesha hatari hiyo kwa saa nzima.

Lakini kufikia 1967 mnunuzi wa tiketi hakuwa tena mzazi. Kwenye draivu-in alikuwa ni kijana mwenyewe, na AIP walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo onyo lililobaki lilikuwa limepoteza hadhira yake, likabaki umbo tupu, na umbo hilo likajazwa kitu kingine: kumtazama msichana akidhurika. Novemba 1968, mfumo mpya wa kupanga filamu kwa madaraja ya umri ulipoanza, hata pasipoti haikuhitajika tena. Ungetarajia kwamba onyo lingekufa na adhabu ya msichana ingekufa pamoja nalo. Onyo lilikufa, adhabu ikabaki. Hapo ndipo ninapoona kwamba mzizi wake haukuwa onyo.

Nitaje na Psych-Out ya 1968, kwa sababu ni bora kuliko umaarufu wake na kwa sababu inakaribia sana kuutoka mtego huu. Mwongozaji ni Richard Rush, mtayarishaji ni Dick Clark, yule mtangazaji wa televisheni, na kamera iko mikononi mwa László Kovács, Mhungari aliyekimbia nchi yake baada ya maasi ya 1956 kuzimwa. Walipiga picha Haight-Ashbury, mtaa wa San Francisco ambako mahipi walikuwa wamefurika msimu wa joto wa 1967, na Kovács anaupitia mtaa ule kana kwamba anajua hautadumu: nyuso za wapita njia, madirisha ya maduka, umati wa watu ambao hawakulipwa kuwapo.

Katika mtaa huo anafika Jenny, aliyeigizwa na Susan Strasberg, msichana kiziwi aliyetoroka nyumbani ili kumtafuta kaka yake. Mkahawani anakutana na wanamuziki watatu, mmoja wao akiwa Jack Nicholson, nao wanagundua kwamba anasoma midomo. Kwa muda mrefu wa filamu tunauona mtaa kupitia kwake, yaani mtaa uliojaa muziki kupitia mtu asiyeusikia, na hilo ni wazo ambalo studio yenye fedha nyingi ingelikataa. Ndiye anayetafuta, si anayetafutwa tu. Halafu filamu inapaswa kwisha, na kanuni inarudi: Jenny anapewa dawa kali, anatangatanga katikati ya magari yaendayo kasi, na mwanamume anakufa kwa kumwokoa. Kutoka kuwa macho yetu anageuka kuwa mwathirika ndani ya dakika kumi.

Ujumbe wa 4: Mchangiaji mwingine

Mleta uzi, nimeshangaa kutoiona Easy Rider katika maelezo yako, ilhali ndiyo filamu ya mahipi inayojulikana kuliko zote. Je, umeiacha kwa sababu inavunja hoja yako? Pale wanaokufa ni wanaume.

Ujumbe wa 5: Mleta uzi

Nimeiacha kwa sababu haikuwa ya AIP, ingawa ilikaribia kuwa yao. Fonda na Dennis Hopper walikuwa wamefanya kazi za AIP na walipeleka wazo lao huko kwanza. Wakubwa wa kampuni walitaka kipengele cha mkataba cha kuwaruhusu kumwondoa Hopper kwenye kiti cha mwongozaji endapo angechelewesha ratiba, na mazungumzo yakavunjika. Filamu ikaenda Columbia. Iligharimu chini ya dola nusu milioni, ikaingiza takribani dola milioni 60, na Hopper akapata tuzo ya filamu ya kwanza katika tamasha la Cannes la 1969. Mpiga picha ni Kovács yuleyule. Mwigizaji aliyeteuliwa kuwania Oscar ni Nicholson yuleyule. Kila kitu ndani yake kilijifunzwa katika karakana ya bei nafuu, na faida ikaenda kwa studio kubwa. Ni hasara ambayo sidhani kama AIP waliisahau.

Kuhusu hoja yako, naam, inavunja muundo niliouelezea, na ndiyo sababu inastahili kusifiwa kwa jambo ambalo halisemwi sana. Hopper na wenzake walikubali kwamba kama uhuru una gharama, basi wahusika wakuu ndio wailipe. Hata hivyo, waangalie wanawake wawili wa New Orleans katika tukio la makaburini: wamepewa LSD, wanalia, wanavuliwa nguo, na filamu inapoondoka mjini inawaacha huko bila hata kuulizana walifikaje nyumbani. Wamepona adhabu kwa sababu filamu haikuwahesabu.

Wild in the Streets ya 1968 naipitia haraka, kwa kuwa ni kejeli zaidi kuliko tamthilia: mwanamuziki kijana anakuwa rais, walio na zaidi ya miaka 35 wanapelekwa kambini na kunyweshwa LSD. Ilipata uteuzi wa Oscar kwa uhariri, jambo la nadra kwa AIP. Hapo anayeteswa ni mama wa kijana, na Shelley Winters anaigiza nafasi hiyo kwa nguvu zote.

Ujumbe wa 6: Mchangiaji wa tatu

Kaka, mimi ni mwanamke na nimesoma uzi huu kwa hisia mchanganyiko. Naomba kuuliza: katika mfumo huo wote, hakuna mwanamke hata mmoja aliyepewa kamera?

Ujumbe wa 7: Mleta uzi

Dada, asante kwa swali hilo, na jibu ni kwamba yupo, na ningetamani jina lake lijulikane kama la Corman. Stephanie Rothman alikuwa mwanamke wa kwanza kupata ufadhili wa masomo wa chama cha waongozaji wa Marekani, kisha akaajiriwa na Corman. Mwaka 1970 Corman alipoanzisha kampuni yake mwenyewe, New World Pictures, baada ya kuchoshwa na jinsi AIP walivyokuwa wakikatakata kazi zake, Rothman aliongoza mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za kampuni hiyo, The Student Nurses. Masharti yalikuwa yaleyale: wauguzi wanne vijana, bango la kuvutia macho, kiasi fulani cha uchi. Ndani ya masharti hayo alikuwa na uhuru wa kusema atakalo, naye akautumia.

Mmoja wa wauguzi hao, Priscilla, ni hipi. Anatumia LSD akiwa na mwanamume mwenye pikipiki, na anapata mimba. Katika filamu ya Katzman, hapo ndipo binti angefikishwa hospitalini akiwa hajitambui na baba angekunja ngumi. Rothman anafanya jambo tofauti kabisa. Priscilla anakwenda hospitalini kuomba kutoa mimba kwa utaratibu uliokuwapo California wakati ule, anakataliwa, na marafiki zake wanalazimika kuamua kama watamsaidia nyumbani kwa siri. Wanabishana; mmoja wao anapinga, na filamu haimgeuzi kuwa mtu mbaya kwa kupinga kwake. Mtazamaji anaweza kukubaliana au kutokubaliana na uamuzi wao, na najua humu jukwaani tuna misimamo tofauti juu ya jambo hilo, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba msichana yule ametumiwa kama chambo. Ana hofu, ana sababu, ana marafiki, na filamu inapokwisha yuko hai. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu suala hilo ilikuja 1973. Filamu ya draivu-in ilikuwa imekwisha kulizungumza miaka mitatu kabla.

Kwangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya wanaosema kwamba fedha kidogo na soko la kashfa havikuacha njia nyingine. Bajeti ilikuwa ndogo vilevile na bango lilikuwa lilelile. Aliyebadilika ni mtu anayeamua kamera imtazame nani, na kwa muda gani.

Ujumbe wa 8: Mchangiaji wa kwanza tena

Mkuu, nimeelewa, na nakubali kwamba mfano wa Rothman umeitikisa hoja yangu. Ombi la mwisho: kwa sisi ambao hatujaziona, tuanzie wapi?

Ujumbe wa 9: Mleta uzi

Anzeni na The Trip, kwa sababu inaonyesha kile ambacho filamu hizi ziliweza kukifanya zilipomwamini mtazamaji. Upuuzeni ufa wa kioo wa mwisho. Fuatieni Psych-Out kwa ajili ya mtaa na kwa ajili ya Jenny wa nusu ya kwanza. Riot on Sunset Strip itazameni ya tatu, mkiwa mmekwisha kuzoea lugha yake, ili msiitupe kwa sababu ya uigizaji wake mgumu. The Student Nurses iwe ya nne, na msiruke mabishano ya wauguzi.

Ya mwisho iwe Joe ya 1970, iliyoongozwa na John G. Avildsen kwa kampuni ndogo iitwayo Cannon, kwa dola laki moja na ushei. Ndani yake binti hipi, aliyeigizwa na Susan Sarandon katika filamu yake ya kwanza, anatoroka hospitali alikolazwa kwa dawa za kulevya. Baba yake, mkubwa wa kampuni ya matangazo, anamuua mpenzi wa binti huyo kwa hasira, kisha anafarijiwa baani na mfanyakazi wa kiwandani aitwaye Joe, mwenye chuki na kila kijana mwenye nywele ndefu. Wanaume hao wawili wanaanza kumtafuta binti pamoja. Utafutaji unawafikisha katika makazi ya mahipi nje ya jiji, kwenye theluji, wakiwa na bunduki, na baba anampiga risasi ya mgongoni msichana anayekimbia. Ni binti yake.

Hapa kanuni yote niliyoieleza imetimizwa hadi mwisho, ila kwa mara ya kwanza filamu inamtaja mwenye kufyatua risasi. Si LSD iliyomuua, wala wavulana wenye gitaa, wala mtaa. Ni yule yule baba ambaye filamu kama Riot on Sunset Strip zilituomba tumwonee huruma. Ilitoka Julai 1970, miezi miwili tu baada ya wafanyakazi wa ujenzi kuwashambulia vijana waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam katika mitaa ya New York, na katika baadhi ya majumba ya sinema watu walimshangilia Joe. Peter Boyle, aliyemwigiza, alishtushwa sana na makofi hayo, na kwa muda akawa anakataa nafasi zenye kutukuza ukatili. Mkiitazama, angalieni mnajikuta upande wa nani kabla ya risasi ile ya mwisho, kisha mrudi hapa mtuambie, maana ningependa tujadili tukio hilo peke yake.